Sarafu za Kale: Muhuri ni Shahidi, si Kadhi



Baada ya darsa ya Alhamisi moja, mama mmoja katika majirani zetu hapa Mtwara aliniuliza suala ambalo sikulitazamia. Alisema: "Maalim, mwanangu aliyeko Dar es Salaam ameshikwa na mapenzi ya kununua sarafu za kale, na asema hanunui ila ile iliyotiwa muhuri na wapimaji wa Marekani. Je, ni haki autegemee muhuri huo, au anaitupa fedha yake?" Nilimjibu kwa maneno machache, kisha nilipofika nyumbani nikaona kuwa maneno yale hayakutosha. Mimi mwenyewe nimeyaonja mambo haya, utamu wake na uchungu wake, na uchungu huo ulikaribia kuwafika watoto wasiokuwa na kosa lolote. Kwa hiyo naliandika jambo hili kwa urefu, huenda likamfaa yeye na wengineo.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akikaa Mikindani, si mbali na lile boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Alikuwa na kopo la bati alilolificha chini ya kitanda, na sisi wajukuu tukilipewa siku za mvua ili tujifunze kuhesabu. Humo zilikuwamo hela za shaba za Wajerumani, ndizo zilizotuachia neno hili "hela" tulitumialo mpaka leo. Zilikuwamo pesa za Sharika ya Kijerumani, ambazo upande mmoja zina tai na upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Ilikuwamo pesa moja ya Sayyid Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299, yenye picha ya mizani. Na ilikuwamo reale moja ya fedha yenye sura ya Maria Theresia wa Austria.

Bibi alipofariki kopo lile likaniangukia mimi. Nilikuwa kijana niliyeanza kusomesha, mwingi wa ari na mchache wa maarifa. Ilipokaribia Idi, nikazimwaga zile sarafu uani, nikazisugua kwa majivu na ndimu mpaka zikametameta kama zimetoka kiwandani jana. Nikajiona nimefanya jambo la maana. Miaka ikapita, akaja mjini mnunuzi mmoja wa vitu vya kale. Akaziangalia moja moja, akazigawa mafungu mawili: fungu kubwa la zile nilizozisugua, na fungu la sarafu moja tu, hela tano ya mwaka 1909, pana na nzito, iliyokuwa imenata chini ya kopo nikaisahau. Ile moja chafu akaitolea bei iliyozidi zote zilizong'aa. Nilipomwuliza sababu akanijibu: "Maalim, hizi umezichuna ngozi. Ile rangi ya kahawia uliyoiondoa ndiyo iliyokuwa shahada ya umri wake."

Siku hiyo nikajua kwamba hali ya sarafu ni elimu yenye watu wake, na kwamba jicho la mtu asiyesoma elimu hiyo humdanganya mwenyewe kabla hajadanganywa na mtu mwingine.

Sasa nieleze wapimaji hawa ni nani. Mwaka 1949 Mmarekani aitwaye William Sheldon alitunga vipimo vya namba kwa sarafu za shaba za kwao, kuanzia 1 mpaka 70. Namba 1 ni ile iliyolika hata haitambuliki ila kwa taabu, na 70 ni ile isiyo na ila yoyote. Alikusudia pia kwamba namba hizo zioneshe uwiano wa bei, yaani sarafu ya namba 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya namba 1. Bei za sokoni hazikumtii, lakini namba zake zilibaki. Kisha mwaka 1986 ikaanza kazi huko Marekani kampuni iitwayo PCGS, na mwaka 1987 nyingine iitwayo NGC. Mwenye sarafu huipeleka kwao pamoja na ujira. Wao huitazama kama ni ya kweli au ya bandia, na kama imesuguliwa au kutengenezwa. Huipa namba, kisha huifunga ndani ya kijisanduku cha plastiki chenye maandishi na namba yake maalumu. Watu hawa si wauzaji wala si wanunuzi wa sarafu ile. Ndiyo maana huitwa watu wa tatu.

Baadhi ya watu wakisikia habari hii hudhani ni uzushi wa Wazungu. Sivyo. Waislamu walikuwa na jambo kama hili karne nyingi zilizopita. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotengeneza dinari ya Kiislamu mwaka 77 wa Hijria, uzito wake ulikuwa gramu nne na robo, na huko Misri yalifanywa mawe madogo ya kioo ya kupimia dinari ili watu wasidhulumiane. Katika kila soko kubwa alikuwako sairafi, mjuzi wa kutambua dirhamu njema na dirhamu ya bandia. Hata wanavyuoni wa Hadithi wa zamani walijifananisha na sairafi: kama yeye anavyoigusa dirhamu akajua kuwa ni bandia, ndivyo wao walivyoisikia riwaya wakajua kasoro yake. Na sisi wenyewe tusiokuwa wajuzi, je, hatusemi Hadithi hii ni sahihi, hii ni hasan, hii ni dhaifu, kwa kuwategemea waliopima kabla yetu? Basi kumtegemea mpimaji mwaminifu si aibu. Aibu ni kutojua alichokipima na asichokipima.

Hapa ndipo panapo kisa changu.

Ndugu yangu mdogo alifariki dunia akaacha mjane na watoto watatu, na shamba la mikorosho upande wa Nanyamba. Mimi nikawa msimamizi wa mali ya watoto hao. Msimu mmoja fedha za korosho zilipotoka katika chama cha msingi, na kuongezwa zile zilizobaki za msimu uliotangulia, nikaingiwa na wasiwasi kwamba shilingi zikikaa bure zinapungua nguvu. Katika siku hizo hizo akaja mfanyabiashara mmoja, ambaye simtaji, naye ana sarafu ya dhahabu ndani ya kijisanduku. Ilikuwa ni ile rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916.

Ndugu msomaji, hiyo ni sarafu yenye kisa. Wajerumani walipokuwa wamezingirwa katika vita, meli zao haziwezi kufika, waligonga sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli kule Tabora, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Zilitoka 16,198 tu, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule mji wa Tabora ukaanguka mikononi mwa Wabelgiji. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Nilipoiona, moyo wangu ulikwenda mbio. Juu ya kijisanduku imeandikwa namba 62. Mwenye nayo akasema: "Maalim, hii imekwisha kupimwa na Wamarekani. Huna haja ya kuitazama tena." Bei aliyoitaja ilikaribia kuzimaliza fedha zote za mayatima. Aliponiona nasita akaongeza: "Chukua leo, nipe nusu, nusu nyingine utanipa msimu ujao."

Nikamwomba siku mbili.

Usiku wa kwanza nilikaa na binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa kidato cha tatu. Akaiandika ile namba katika simu yake, tukaiona kwenye daftari la kampuni katika intaneti. Picha ikalingana, mwaka ukalingana, daraja likalingana. Kwa hiyo nasema kwa insafu: yule mtu hakuwa mwongo, na sarafu ile haikuwa ya bandia. Na hili ndilo fungu la kwanza la jibu langu kwa yule mama. Kwa sarafu kama ile, ya dhahabu, ya bei kubwa, na ambayo waghushi wameiiga mara nyingi, mtu asiyekuwa mjuzi afanye vyema kutonunua isiyopimwa. Lakini atazame na ile namba, kwa kuwa hata hivyo vijisanduku vyenyewe huigizwa.

Kisha yule binti akaniuliza: "Baba mkubwa, tukitaka kuiuza ili tulipe ada, hapa Mtwara ni nani atakayeinunua kwa bei hii?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua karatasi tukafanya hesabu. Sarafu ile ina uzito wa gramu saba na kidogo, na robo tatu yake ndiyo dhahabu safi, yaani kadiri ya gramu tano na nusu kasoro. Sonara wa hapa mjini angeipima kwa dhahabu yake, wala asingeitazama ile 62. Tofauti baina ya bei ya sonara na bei tuliyotajiwa ilikuwa kubwa mno, mara nyingi ya thamani ya dhahabu yenyewe, na tofauti yote hiyo imesimama juu ya mambo mawili: uchache wa sarafu, na rai ya watu walioko mbali. Sikusema kuwa tofauti hiyo ni uwongo. Huko waliko wanunuzi wanaoutambua muhuri, ni kweli. Lakini yatima wa Nanyamba hawako huko.

Usiku wa pili nilikuwa natayarisha somo la watoto wa chuo katika Sura ya Al-An'aam. Nikafika katika ile aya inayokataza kuisogelea mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora kabisa, na ambayo papo hapo yaamrisha kutimiza vipimo na mizani kwa uadilifu. Nimeisomesha aya hiyo kwa miaka mingi, wala sikupata kujiuliza mambo mawili haya yamekaaje pamoja. Usiku ule nikajiuliza, na jibu likaniumiza. Mizani iliyopungua haikuwa ya yule mfanyabiashara. Ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeipenda sarafu ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimekwisha kuiona ndani ya kopo la bibi yangu, pamoja na hela na pesa. Nilikuwa nataka kununua kwa jicho langu na kulipa kwa fedha ya mayatima, kisha niutoe ule muhuri wa Marekani kuwa ndio udhuru wangu mbele ya watu: "Imepimwa."

Hapo nikakumbuka kanuni tunayowafundisha wanafunzi. Hadithi yaweza kuwa sahihi kwa isnadi, wala isifanyiwe kazi, kwa kuwa hukumu yake imekwisha kufutwa. Mpimaji wa isnadi amefanya kazi yake, amesema kweli. Lakini swali la nini tufanye ni swali jingine, na lina watu wake wengine. Vivyo hivyo katika baraza la kadhi: shahidi husema aliyoyaona, wala hahukumu. Muhuri wa mpimaji ni shahidi. Mnunuzi ndiye kadhi, na kadhi anayemwachia shahidi hukumu amekhini kiti chake.

Basi shahidi huyu anashuhudia nini? Anashuhudia mambo matatu: kwamba sarafu ni ya kweli, kwamba hali yake ni kadhaa wa kadhaa kwa maoni ya waliopima, na kwamba haikuchezewa, au kama imechezewa, imechezewa vipi. Haya si mambo madogo. Laiti ningalikuwa na mtu wa kunieleza jambo la tatu kabla sijazigusa zile hela kwa ndimu!

Na yako mambo manne asiyoyashuhudia.

La kwanza, bei. Namba ya daraja si bei. Baina ya 62 na 63 pana tofauti ambayo wewe na mimi hatutaiona kwa macho, na huenda wapimaji wenyewe wakatofautiana. Wako watu huko Marekani wanaozitoa sarafu katika vijisanduku vyao wakazipeleka tena, kwa tamaa ya kupata namba ya juu zaidi, na mara nyingine huipata. Mwaka 2007 ikaanzishwa kampuni nyingine, CAC, ambayo kazi yake ni kuzitazama sarafu zilizokwisha kupewa daraja na kubandika alama juu ya zile inazoziridhia. Yaani mpimaji naye amepata mpimaji wake.

La pili, haja yako. Sarafu ya thamani ndogo, kama hela za kawaida zilizojaa katika makopo ya pwani hii, ujira wa kuzipima huzidi bei yake. Kwa hizo, jicho lililosoma na mkono uliozoea vyatosha, na mtu akikosea hasara yake ni ndogo.

La tatu, uhalali. Kule Kilwa, kaskazini yetu, masultani waligonga sarafu za shaba karne nyingi zilizopita; mmoja wao ni Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia, na mpaka leo wanavyuoni wanashangaa zilifikaje. Thamani ya sarafu zile imo katika mahali zilipookotwa, na hakuna namba baina ya 1 na 70 inayoweza kuliandika jambo hilo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vya namna hiyo katika nchi yetu. Si ruhusa kuvichimba wala kuviuza bila kibali. Akikujia mtu na sarafu ya Kilwa ndani ya kijisanduku kizuri, muhuri utakwambia kuwa ni ya kweli, lakini hautakwambia kuwa haikuibwa.

La nne, namna ya kununua. Yule mfanyabiashara alinipa nafasi ya kulipa nusu sasa na nusu baadaye. Sarafu ile ni dhahabu, na shilingi zetu ni fedha ya kununulia. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, iliamua kuwa noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika mambo ya riba na zaka. Kwa hiyo wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wanasema dhahabu inunuliwe mkono kwa mkono, wala isicheleweshwe. Muhuri hauna habari na jambo hilo, wala si kazi yake.

Siku ya tatu nilimrudishia yule mtu kauli kwamba sitanunua. Alikasirika kidogo, akasema nimekosa bahati, na labda ni kweli; huenda leo sarafu ile ina bei kubwa zaidi. Sikuona majuto. Fedha za mayatima zililipa ada, na zilizobaki ziliongeza miche katika shamba la baba yao. Yule binti sasa ameshamaliza masomo yake, na kila akinitembelea hunitania: "Baba mkubwa, tembo wako yuko wapi?" Nami humjibu kuwa tembo amekula korosho.

Baadaye, kwa fedha yangu mwenyewe, nilinunua pesa moja ya Sharika ya Kijerumani kwa mzee mmoja mvuvi wa Msimbati. Haina muhuri wala kijisanduku. Niliisoma kwa macho yangu: mwaka 1307, yaani 1890 ya Miladi, ukingo mzima, rangi yake ya kahawia haijaguswa. Yule mzee alikuwa hajui ni kitu gani, akataka bei ya pakiti ya sigara. Nikamweleza kwanza ni nini na watu huinunua kwa kiasi gani, kisha ndipo nikampa bei. Maana Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji umefichwa chini, alimlaumu muuzaji kwa kumficha mnunuzi. Nami naona mnunuzi ajuaye akimficha muuzaji asiyejua, hayuko mbali na lawama hiyo.

Basi nasema kumwambia yule mama: mwache mwanao autazame muhuri, na kwa sarafu za bei kubwa asiununue upofu kwa kuukosa. Lakini ajifunze kuisoma sarafu kabla ya kukisoma kijisanduku. Aulize bei kwa watu zaidi ya mmoja. Aulize imetoka wapi. Alipe papo hapo. Na fedha anayoilipa iwe yake, si amana ya mtu. Akishayatimiza hayo, muhuri utamfaa. Asipoyatimiza, hata namba 70 haitamwokoa.

Wabillahi taufiq.